Jiwe Nililolihamisha

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa moyo hakuniambia nitakufa lini. Alimvuta binti yangu pembeni akamwambia asipange safari yoyote mpaka mvua zipite. Binti yangu ni fundi cherehani na uso wake haujui kuficha kitu. Alirudi chumbani akaanza kukunja shuka iliyokuwa imeshakunjwa.

"Sema tu," nikamwambia. "Vipimo vibaya nimevizoea."

Akasema. Basi ni msimu huu.

Ninaandika katika daftari la kupimia, la mwisho nililobaki nalo tangu nistaafu. Kila ukurasa una safu tatu zilizochapwa: Nyuma, Mbele, Kimo. Nazikata kwa maneno, zinisamehe. Chini kabisa pana mstari mmoja, "Nimeandika nilichosoma", na nafasi ya sahihi. Mpima aliyeweka sahihi pale ameapa. Mimi niliapa kila Alhamisi kwa miaka ishirini na sita, juu ya ukuta wa bwawa ninaouona sasa hivi kupitia dirisha hili, juu ya mabati ya mtaa wetu, Bondeni, umelala kama mtu aliyeshiba.

Kazini waliniita Milimita, kwa kuwa niliwahi kumrudishia fundi kazi ya siku nzima kwa kosa la milimita mbili. Jina likanifuata mtaani. Hata muuza mkaa hajui jingine.

Siandiki nihurumiwe. Atakayesoma anisome kama anavyosoma vipimo: mstari kwa mstari, bila kuruka.

Jumatano, 5 Machi

Leo amekuja Mhandisi wa bwawa. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. Amekuja kunialika. Jumamosi wanawasha mitambo mipya ya kuulinda ukuta.

"Vihisi kumi na vinne, Bibi," akasema, akikaa ukingoni mwa kiti kama mwanafunzi. "Kila kimoja na sola yake na laini yake ya simu. Vinasikiliza setilaiti usiku na mchana. Ukuta ukishuka hata milimita tatu, tunajua."

"Na ukishuka zaidi?"

"Nukta yake kwenye simu zetu inageuka nyekundu. Hapo mtambo haungoji mtu. Unatuma ujumbe kwa kila simu iliyosajiliwa Bondeni, na walinzi wanatakiwa wafungue milango ya maji papo hapo. Hata Mkurugenzi hana ruhusa ya kuuzima."

Nikamwambia ni kazi nzuri. Na ni kweli. Sisi tulikwenda mara moja kwa wiki, na jua likiwa kali darubini ya kupimia inaona mawimbi hewani. Chombo kisicholala ni kitu cha kutamaniwa.

Halafu akatabasamu. "Kuna jambo tumekufichia. Vile vihisi kumi na vinne lazima vilinganishwe na kituo kikuu, antena iliyokaa mahali pasiposogea kabisa. Tulitafuta bwawa zima. Tukafungua madaftari yako. Jiwe lako la alama, Bibi, la kule bega la kulia, ukuta unapokutana na kilima: miaka kumi na tisa mfululizo umeandika sifuri. Halijasogea hata unywele. Antena tumeifunga juu yake. Kituo tumekiita Milimita."

Binti yangu akaacha cherehani akaja kumshika mkono. Mimi nikacheka. Sikupata kitu kingine cha kufanya na mdomo wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Miguu imevimba. Sikuandika zaidi jana, na leo siwezi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikwenda. Nilisingizia pumzi. Binti yangu alikwenda na kitenge kipya, akarudi na programu kwenye simu yake, zawadi ya Mhandisi kwangu. Ni picha ya ukuta ulivyo ukitazamwa kutoka juu, na nukta kumi na nne.

"Zote kijani, Mama."

Zote kijani.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza, ya kulaza vumbi tu. Nukta kumi na nne, kijani.

Ijumaa, 14 Machi

Kijani.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kijani. Sasa niandike.

Jiwe la alama linalotajwa madaftarini lilijengwa juu ya mwamba, na wale waliojenga bwawa. Jiwe lenye antena silo hilo.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mwanamke wa kwanza kupewa darubini katika idara ile. Mkuu wangu wa wakati huo alikuwa hanitaki. Alipita akiuliza mbele za watu mtoto nimemwacha na nani. Mwaka huo katapila lilikuja kupanua barabara ya bwawa. Mchana mmoja, mimi nikiwa ng'ambo ya bwawa, dereva akarudi kinyumenyume akalipasua jiwe na kuling'oa na kipande cha mwamba wake. Jiwe lilikuwa chini ya ulinzi wangu. Kulijenga upya juu ya mwamba kulihitaji mashine ya kutoboa, mashine ilihitaji barua, na barua ingepita mezani kwa Mkuu.

Nilikuwa na mshika fimbo wangu, mtu anayesimamisha fimbo ya vipimo wakati mimi nachungulia. Jina lake likawa Fimbo na mpaka leo ni Fimbo. Tulichimba Jumamosi na Jumapili, hatua thelathini kutoka pale, penye udongo laini. Tulijua ni kifusi, udongo uleule uliojazwa kuinua ukuta. Tulimwaga zege, tukaliwekea msumari wa shaba, tukapaka rangi, tukasugua matope juu yake lionekane la kale. Kimo nilikihamisha sawasawa, kwa uangalifu wote niliofundishwa. Jumatatu jiwe lilikuwa jiwe.

Nilijiambia nitalirudisha mwambani mambo yakitulia. Mambo yalitulia. Sikulirudisha.

Sasa anayesoma aelewe hatari iko wapi. Jiwe limekaa juu ya kifusi, na ukuta ni kifusi. Ukuta ukizama, jiwe linazama nao. Watu wawili wakishuka ngazi pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake, kila mmoja ataapa kwamba mwenzake hajashuka. Ndiyo maana kijani.

Jumatano, 19 Machi

Kijani. Nakiri kwamba nangoja mashine initobolee siri, nisilazimike kusema mwenyewe. Ina macho angani, mimi nina moyo uliochoka. Ifanye kazi yake.

Jumapili, 23 Machi

Fimbo amekuja kunitazama. Ana miaka sabini na minane na magoti mabovu, ila ulimi ni uleule.

"Nimesikia unakufa, bosi," akasema kabla hajakaa. "Nimekuja kuona kama ni kweli au ni uvivu."

"Ningekufa mapema, lakini nilijua utakuja kula chakula cha matanga."

"Ningekula mara mbili. Umenisimamisha juani miaka ishirini na sita. 'Nyoosha fimbo, Fimbo. Kushoto, Fimbo.' Hata mke wangu hakunifanyia hivyo."

Binti yangu akacheka akaenda kuleta chai. Alipotoka, Fimbo akainama. "Wameweka kidude juu ya lile jiwe."

"Najua."

"Wewe na mimi tu ndio tunaojua lile jiwe ni mtoto wa kambo."

"Najua, Fimbo."

Akageuka kutazama dirishani. Kisha akasema, "Mjukuu wangu anauza matunda pale chini, nyumba ya tatu kutoka ukutani."

Chai ikaja. Tukazungumza habari za magoti.

Ijumaa, 28 Machi

Siku nane mvua haijakatika. Kijani.

Nyuma ya ukuta, ndani ya maji, upo mnara wa milango. Umejengwa juu ya mwamba na una mistari myekundu na myeupe. Nilipohamia kwa binti yangu miaka sita iliyopita, nikilaza kichwa kwenye mto wa kitanda, ukingo wa ukuta ulikuwa unaficha mstari mwekundu wa tatu wote. Nakumbuka, maana mpima hawezi kulala bila kupanga vitu kwenye mstari. Leo nimelaza kichwa palepale. Mstari wa tatu unaonekana, kama ulimi unaotolewa nje.

Labda nyumba yetu imeinuka. Nyumba haziinuki.

Jumatano, 2 Aprili

Niliyoandika tarehe kumi na saba ni nusu. Niliandika nusu ambayo mtu anaweza kunionea huruma kwayo: mwanamke, mkuu mbaya, katapila. Leo naandika nusu nyingine.

Kila mwaka, mwisho wa kiangazi, mpima anatakiwa alipime jiwe lenyewe. Karibu na mfereji wa kumwagia maji ya ziada, chini ya genge, kuna msumari mwingine wa shaba, umepigwa kwenye mwamba. Unasimamisha fimbo pale, unasimamisha fimbo kwenye jiwe, unalinganisha. Mwaka wa nne tangu tulihamishe ndipo nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza. Jiwe lilikuwa limeshuka milimita kumi na moja.

Mkuu yule alikuwa ameshaondoka. Aliyemfuata alinipenda. Nilikuwa nimepandishwa cheo, nilikuwa nafundisha wengine. Hakuna aliyenitisha. Ningeweza kusema kabla ya chakula cha mchana, na ingekuwa aibu ya wiki moja.

Niliandika sifuri.

Mwaka uliofuata sikushuka hata kwenda kwenye msumari. Nilikaa kivulini nikaandika sifuri. Kurasa kumi na tisa za sifuri, na chini ya kila moja: nimeandika nilichosoma. Mimi niliyemrudisha fundi kwa milimita mbili.

Sikuogopa. Nataka hili lieleweke. Niliona raha kuwa mtu asiyekosea, na raha hiyo sikutaka kuigawa na mtu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwambia binti yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni. Akaitoa sindano.

"Mama, zile dawa mpya za kupunguza maji mwilini daktari alisema zinaweza kuchanganya."

"Dawa hazijui habari za katapila."

"Jana uliniita kwa jina la marehemu mama mkubwa."

"Mnafanana. Mpigie Mhandisi."

"Watakucheka, Mama. Picha yako imetundikwa pale mapokezi. Nimekua nikiitwa mtoto wa Milimita. Shuleni mwalimu wa hesabu hakuwahi kunichapa kwa jina hilo."

"Mpigie, au nampigia mimi, na nitazungumza kwa sauti mtaa mzima usikie."

Akampigia. Sauti ninayo bado, anajua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mhandisi alikuja na koti la mvua linalochuruzika. Nilimweleza. Alisikiliza kwa heshima ile ya kumsikiliza mtu anayeweweseka, akitikisa kichwa mahali pasipostahili.

"Bibi, nimekuelewa. Lakini vifaa vingekuwa vimeona. Angalia." Akafungua simu yake. Kijani, kijani, kijani. "Hata picha za setilaiti za rada, zile zinazopima ardhi kutoka angani, zinakubali. Ukuta haujasogea."

"Hizo picha mnazilinganisha na nini?"

"Na kituo kikuu."

"Yaani jiwe langu."

"Ndiyo."

"Na jiwe lenyewe nani analipima?"

Akacheka kidogo. "Jiwe halipimwi, Bibi. Jiwe ndilo linalopima."

Nikamtazama. Nimefundisha vijana wa kutosha kujua wakati wa kunyamaza. Alikaa, akaiangalia simu, akaifunga, akaifungua tena. Alipoinuka alisahau koti.

Fimbo alikuwa amefika, anakung'uta miguu mlangoni. "Anachosema ni kweli," akamwambia. "Zege nililichanganya mimi. Ndiyo maana halijapasuka."

Mhandisi hakucheka.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Kijani. Koti bado liko hapa.

Jumatano, 9 Aprili

Kijani. Nimeichukia rangi hii. Binti yangu anashona sare za shule za kijani, nimemwomba azigeuze upande wa ndani.

Alhamisi, 10 Aprili

Mhandisi amerudi, na macho ya mtu asiyelala.

Alichofanya ni hiki, nakieleza kwa kuwa ni kizuri. Mtambo ulikuwa umeamrishwa uamini kwamba kituo kikuu hakisogei. Hiyo ilikuwa amri ya mkono wake mwenyewe, mstari mmoja. Kwa siri aliuondoa mstari huo katika nakala ya pembeni, akaliacha jiwe nalo lihesabiwe kama kitu kingine chochote, likilinganishwa na vituo vya mbali vya mikoa mingine.

"Limeshuka milimita tisa tangu tuwashe, Bibi. Mwezi mmoja. Na vihisi vyote vinashuka nalo, mguu kwa mguu."

"Na tangu nilipoliweka?"

"Hilo setilaiti haiwezi kuniambia. Haikuwepo."

"Msumari wa mfereji ulikuwepo," nikasema. "Leta gari. Na lete darubini ya kawaida, ya kuchungulia kwa jicho."

Binti yangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Haendi popote. Daktari—"

"Daktari alikataza usafiri wako, si wangu."

Jumamosi, 12 Aprili

Walinibeba kwenye kiti cha plastiki, Mhandisi upande huu na binti yangu upande ule. Mvua ilikuwa manyunyu. Binti yangu alinuna njia nzima, lakini mwavuli aliushika juu yangu na yeye akalowa.

Msumari wa mfereji haukuonekana. Kuna watu walikarabati pale wakapiga lipu juu ya kila kitu. Mhandisi alikuwa ameshakata tamaa. Fimbo akahesabu hatua kutoka ngazi, akakosea, akatukana, akahesabu tena. Akapiga nyundo. Lipu likabanduka, na pale chini shaba iking'aa kama jino.

"Umeniona?" akaniuliza. "Magoti yamekwisha ila kichwa kipo."

"Nyoosha fimbo, Fimbo."

Alicheka mpaka akakohoa. Fimbo yenyewe ni ileile ya mbao. Alistaafu nayo, na huko kwake ilikuwa inazuia mlango wa banda la kuku.

Nilichungulia mimi. Jicho la kushoto halioni, la kulia bado ni la mpima. Nilisoma kwa sauti, Mhandisi akasoma baada yangu, binti yangu akaandika katika daftari hili. Mwandiko wake uko ukurasa wa nyuma. Tulikwenda vituo sita, nikibebwa kutoka kimoja hadi kingine, nikisimamishwa chini kila mara kama mzigo wa mayai. Tulirudi kwa njia ileile kuhakikisha.

Jiwe limezama sentimita thelathini na moja. Katikati ya ukuta, thelathini na nne.

Mhandisi alikaa kwenye majani yaliyolowa. Ukuta wa udongo unavumilia mengi, ila hauvumilii maji kupita juu yake. Yakianza kupita yanaula, na ndani ya saa chache hakuna ukuta. Walikuwa wanaamini wana nafasi ya sentimita themanini mafuriko makubwa yakija. Wanayo arobaini na sita. Maji yalikuwa yanapanda shubiri moja kwa siku.

Mimi nilijisikia vizuri. Nisingeandika hili kama nisingekuwa nakufa: kwa saa nne nilikuwa mpima tena, na vipimo vyangu vilikuwa sahihi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mkurugenzi amekuja mwenyewe, na Mhandisi nyuma yake. Mtu wa adabu, anaongea polepole.

"Mama, tumepokea taarifa. Kamati inakutana Alhamisi. Mpaka hapo tusiwatie watu hofu. Mtambo tumeuacha kama ulivyo."

"Kijani."

"Kama ulivyo, Mama."

"Maji hayako kwenye kamati yako."

Akageuka kwa binti yangu, kama watu wanavyofanya mgonjwa akianza kuwa sahihi. "Dada, Mama anahitaji kupumzika."

Nikatarajia binti yangu atamkubalia. Alikuwa anakata uzi kwa meno. "Mimi ndiye niliyeandika vipimo," akasema. "Nina mwandiko mzuri. Nikuletee?"

Mkurugenzi alipotoka, Mhandisi alibaki nyuma, anatafuta koti lake.

"Ni mstari mmoja tu wa kuondoa," nikamwambia.

"Nitafukuzwa, Bibi."

"Huenda. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na miwili nilipoambiwa ningoje, na aliyeniambia ni mimi mwenyewe. Nimengoja mpaka leo. Tazama nilivyopendeza."

Alivaa koti. Akatoka mvuani.

Jumanne, 15 Aprili

Saa nane mchana. Binti yangu alikuwa ananilisha uji. Simu yake ikalia juu ya cherehani, mlio ambao hatujawahi kuusikia. Kisha ya jirani tunayepakana naye. Kisha ya muuza mkaa. Kisha mtaa mzima, mabati yote, chini mpaka sokoni, mlio mmoja, kama kundi la ndege lililoshtuliwa. Mtu akapiga kelele, "Ni nini hii?" Na mwingine akajibu, "Ni ukuta."

Binti yangu alinionyesha simu. Nukta kumi na nne, nyekundu.

Sijawahi kuona rangi nzuri kama ile.

Muda si mrefu tukasikia milango ya maji ikifunguliwa, ngurumo ndefu inayokuja kupitia miguu ya kitanda. Nilikataa kubebwa mpaka nyumba za juu yetu zipite kwanza. "Mimi ndiye niliyewaweka chini ya hili," nikawaambia waliokuja na machela. "Siwezi kuwa mbele ya foleni." Walinipita, wengine na magodoro, mmoja na runinga kichwani. Mjukuu wa Fimbo alipita na makapu yake ya matunda, akanisalimia. Hakuwa anajua bado.

Alhamisi, 17 Aprili

Shuleni, darasa la nne, tuko familia kumi na moja. Nimelazwa chini ya ubao wenye jedwali la kuzidisha. Mvua ya kutisha.

Jumamosi, 19 Aprili

Maji yamefika shubiri moja chini ya ukingo, pale katikati. Milango ilikuwa imefunguliwa siku nne. Mhandisi yuko ukutani na magunia ya mchanga. Fimbo amekwenda kukaa naye, anasema kumzuia asiruke.

Nimehesabu. Wangengoja Alhamisi ile, maji yangepita juu.

Jumatatu, 21 Aprili

Yameshuka. Ukuta upo.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumerudi nyumbani. Mkurugenzi amekuja na karatasi. Hakumfukuza Mhandisi; magazeti yameshamsifu, imekuwa vigumu. Amenisomea taarifa yake: kituo kikuu kilipata hitilafu ya kifaa, ikagunduliwa na wataalamu kwa wakati.

"Jina lako halimo, Mama," akasema kwa upole. "Heshima yako itabaki. Picha itabaki."

Alidhani ananipa zawadi. Na kwa muda wa pumzi moja niliishika, lazima niseme.

"Kifaa hakikuwa na hitilafu," nikamwambia. "Kilisoma sawasawa kutoka mahali nilipokidanganya. Ukiandika kifaa, watanunua kifaa kingine na kukifunga juu ya uongo mwingine. Andika mimi. Andika mwaka, andika kurasa kumi na tisa. Halafu watume watu wakague mawe ya mabwawa mengine yote, maana mimi si mtu pekee aliyechoka kushuka genge."

"Mama, watu wa Bondeni watakuja mlangoni."

"Waje. Mlango hauna kufuli."

Nilimpa daftari hili apige picha kurasa za tarehe kumi na saba Machi na tarehe mbili Aprili.

Jumatano, 30 Aprili

Walikuja. Si wengi. Mwanamke mmoja, mama wa pacha, alisimama pale dirishani akanitazama kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unalala vipi?" akauliza.

"Vizuri," nikamjibu. Sikutaka kumdanganya, imetosha.

Akatema mate chini akaondoka. Muuza mkaa anapita upande wa pili wa njia. Mjukuu wa Fimbo hanisalimii tena. Ni haki yao na sitaki mtu aende kuniombea msamaha kwao.

Binti yangu hajasema nami siku tatu, isipokuwa habari za dawa. Leo jioni amekuja na kiti, akakaa, akalichukua daftari. "Nifundishe hizi safu," akasema. "Nyuma ni nini, Mbele ni nini." Nikamfundisha: soma fimbo iliyo nyuma, soma iliyo mbele, toa, upate tofauti ya kimo. Alikosea kutoa mara mbili, nikamrudisha mara mbili.

"Mama, ni milimita moja tu."

"Rudia."

Akarudia.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua zimekatika. Naandika kidogo kidogo, kalamu ni nzito.

Mhandisi amehamisha antena, imekaa mwambani sasa, penye anga wazi juu ya genge. Picha yangu wameitoa mapokezi. Amesema ni yeye aliyeitoa, na kwamba aliitazama kabla. Jiwe langu hakulivunja. Amelifungia kihisi kidogo cha kumi na tano, linapimwa kama udongo mwingine wowote, na jina la Milimita ameliachia hapohapo. Kila asubuhi binti yangu ananisomea namba zake. Wataanza kuujenga ukuta upya kiangazi.

Fimbo alikuwepo leo. "Bosi," akasema, "kwa hiyo mwishoni hata jina lako linashuka pale?"

Nilicheka mpaka binti yangu akanishika mkono.

Leo ni Alhamisi, siku yangu ya kupima. Jiwe: limeshuka milimita mbili. Mpima: ameshuka zaidi, hakuna chombo cha kumsoma. Daftari lina nafasi ya mstari mmoja chini, ule uliochapwa, ambao mara kumi na tisa niliutia sahihi ya uongo kwa mkono usiotetemeka. Leo mkono unatetemeka sana. Hainisumbui.

Nimeandika nilichosoma.

Milimita